Herufi Zilizoacha Kucheza

Herufi hazikucheza.

Kidawa aliliona hilo kabla hata hajasoma kilichoandikwa. Alikuwa sebuleni kwa marehemu mzee Pazi, ghorofa ya tisa, birika la kahawa mkono mmoja, vikombe mkono mwingine, na watu wamejaa mikekani mpaka koridoni. Ukutani palikuwa na ubao wa msiba. Pole zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine, na kila mtu anaziona kwa lenzi zilizo machoni mwake mwenyewe, zimechorwa kumfaa yeye. Pole ya mtoto inakuja imechuchumaa. Ya babu inasimama wima kama mtu aliyeshika bakora. Ya ndugu wa tumbo moja inakuja imekaa karibu karibu, kama watu waliobanana kwenye benchi. Mtu wa Pugu Juu haulizi aliyemwandikia ni nani wake. Herufi zinamwambia.

Halafu likaingia neno la Mihayo Kasanda.

"Sultani, chimba na la pili kando ya baba yako. Nakuja. Nikifika unalala humo leo leo, na hao Wazaramo wenzako wanaolia wajipange foleni."

Sasa, Mihayo ni Mnyamwezi, na marehemu Mzaramo, na hao wawili ni watani tangu misafara ilipokuwa inashuka pwani kwa miguu. Mtani ana kazi yake msibani. Anawatukana wafiwa mpaka wacheke, maana mfiwa asipocheka mapema, machozi yanamchachia tumboni. Zamani walipiga kelele kabisa, wakazuia jeneza, wakavaa kanzu ya marehemu wakaiga mwendo wake. Lakini ghorofa za Pugu Juu kuta zake nyembamba, na mtaa ulishapiga marufuku makelele, basi utani ukahamia ubaoni. Na neno la mtani likiingia machoni, herufi zake zinacheza. Zinakata kiuno, zinapepesuka, moja inampanda mwenzake mgongoni. Hujasoma bado, umeshatabasamu.

Leo zilisimama wima, nyekundu, zimezungushiwa mstari mnene. Ule mstari ni wa Mlinzi aliyemo ndani ya lenzi, na Mlinzi anauchora mtu anapotishiwa kuuawa.

Mlango wa sebule ukajifunga wenyewe. Klak.

"Si Mihayo huyo?" shangazi mmoja alinong'ona.

"Ndiye. Lakini ona rangi."

"Labda anatania."

"Akitania zingecheza, dada. Zimecheza?"

Sultani, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa ameshamvuta binti yake nyuma ya mgongo. Ni mtu mzima, mwenye tumbo na ndevu, ila midomo ilikuwa imemkauka. "Baba aligombana na huyu mzee?" aliuliza.

"Walikuwa wanatukanana kila wakikutana," shangazi alisema.

"Kumbe yalikuwa ya kweli?"

Watu waliangaliana, kila mmoja anangoja mwenzake acheke kwanza, na hakucheka mtu. Ubao ukamuuliza Sultani kama anashtaki. Akaweka kidole.

Mihayo hakujua lolote. Lifti ilikuwa imeharibika, na yeye alikuwa amekaa chini kabisa, ngazi ya kwanza, anajipepea na kofia, anatafuta pumzi ya kupanda. Askari walipomfikia alifurahi. "Mmetumwa mnibebe?" aliwauliza. "Afadhali. Mnyamwezi kabeba mizigo ya watu dunia nzima, na yeye leo abebwe." Wakambeba kweli, isipokuwa hawakwenda naye juu.

Kidawa aliweka birika chini taratibu, asije akamwaga. Alijua kwa nini herufi hazikucheza. Ni yeye aliyezizuia.

*

"Ulifanya nini?" aliuliza Bwana Mndolwa.

Huyo ni mkubwa wake kwenye ofisi ya maandishi ya mtaa. Mtu mpole, anapenda kazi iende na yeye aende nyumbani. Kidawa ni fundi wake, msichana asiyependa kuongea, na siku hiyo ilibidi aongee sana.

Lenzi ya jicho siyo kioo tu. Ndani yake zimepakiwa moduli, na mafundi wanazisema kama wapangaji wa nyumba moja. Yupo Mchoraji, anayechora herufi. Yupo Nasaba, anayejua nani ni nani wa nani. Na yupo Mlinzi, anayenusa hatari. Kila moduli ikifanya kazi inahitaji pa kuweka inachokijua. Ukiipa kila moja pake, lenzi inapata moto na jicho linauma. Kwa hiyo tangu zamani zilitengewa mahali pamoja, na mahali hapo mafundi wanapaita sinia. Nasaba anaweka siniani kwamba huyu ni mtani wa yule. Mchoraji anamega, anazichezesha herufi. Mlinzi naye anamega, anaona kumbe ni mtani, anarudi kulala. Hawaulizani. Watu wanaokula pamoja wataulizana nini?

Ila ubaya wa sinia ni huo huo. Huwezi kuficha tonge.

"Alikuja mwanamke hapa mwezi uliopita," Kidawa alisema. "Ulikuwa umeenda kula."

Alikuja na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Kidawa alimuuliza kama lenzi inamuuma.

"Haiumi, dada," mwanamke alijibu. "Inanisengenya."

Jina lake Nyanzala. Mumewe alikufa, na ukoo wa mume ukakaa ukaamua arithiwe na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Hakumtaka. Akamfunga mtoto mgongoni akakimbilia Pugu Juu, akajiita Tausi, akapata kazi ya kukaanga maandazi ghorofa ya nne. Siku moja akaandika jina lake kwenye ubao wa foleni ya maji. Akapita kijana wa ukoo ule ule. Nyanzala hamjui, hajawahi kumsikia, lakini machoni mwa kijana jina lile la Tausi lilikuwa limepinda shingo pembeni, vile linavyopinda jina la shemeji. Kijana akauliza kwa sauti, "Jamani, huyu shemeji yangu Tausi ni yupi?" Nyanzala alijificha nyuma ya mapipa mpaka watu wakaisha.

"Ungemfuta yeye kwa Nasaba, basi," Mndolwa alisema. "Mmoja tu."

"Jina lake lingebaki limenyooka katikati ya majina yaliyopinda. Lile pengo lingemtangaza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimemtoa Mchoraji siniani. Nimempa kisahani chake. Nimemwekea damu tu, baba, mama, mtoto, babu, ndugu. Mashemeji na wakwe nimewaacha kule kwa Nasaba."

"Ndiyo maana!" Mndolwa alipiga meza. "Mama mkwe wangu ananilalamikia wiki mbili nzima. Eti siku hizi namwandikia kama naandikia duka. Na mimi naapa mpaka kwa Mungu!" Halafu akatulia. "Na watani?"

Kidawa aliangalia mikono yake. Watani hakuwawaza kabisa. Mtu akifungasha vyombo vya kuhama anakumbuka sufuria, anakumbuka mwiko, nani anakumbuka chumvi? Na jingine alilosahau ni hili: Mlinzi hakupakiwa peke yake, alipakiwa mgongoni kwa Mchoraji, na aliyepakiwa mgongoni kwa mwenzake anakula anapokula mwenzake. Mchoraji alipohama, Mlinzi alihama naye kimya kimya. Tangu siku hiyo Mlinzi wa Pugu Juu hakujua tena kwamba kuna kitu kinaitwa utani, na huu ndio ulikuwa msiba wa kwanza tangu hapo.

"Mrudishe Mlinzi peke yake."

"Ukimbandua kwa Mchoraji anazima. Mpaka tuagize mpya, na mpya ni mwakani."

"Basi warudishe wote." Mndolwa alisema kama anaagiza chai. "Sasa hivi. Yale maneno yatacheza pale pale ubaoni, Sultani atacheka, atafuta mashtaka, mzee atatoka. Nani atajua?"

"Na Nyanzala?"

Mndolwa siyo mtu mbaya. "Binti," alisema, "huyo mwanamke hajakamatwa bado. Huyu mzee ameshakamatwa. Kesho alasiri baraza linakaa, na unajua adhabu ya kutisha watu kwa maandishi."

Alijua. Ni kuzimwa. Aliyezimwa akiandika, hakuna jicho litakalomsoma, na yeye kila ukuta kwake ni chokaa tupu. Hasomi dawa. Hasomi mlango. Na mji wote umeandikwa hewani, hakuna rangi wala karatasi.

*

Nyanzala alikuwa anageuza maandazi. Aliendelea kugeuza Kidawa alipokuwa anamsimulia. Mtoto alikuwa kwenye beseni kavu chini ya meza, anatafuna kijiko.

"Mihayo Kasanda," Nyanzala alisema mwishoni. "Huyo ni baba mkwe wangu."

Kidawa alikaa kwenye gunia la unga.

"Sikukwambia jina la ukoo maana hukuuliza." Alitoa andazi, akalitazama, akalirudisha. "Ni mzee mzuri, dada, nisimsingizie. Siku ya harusi yangu alinichekesha mpaka wanja ukanichuruzika. Alimpenda mwanawe. Na huyo huyo ndiye aliyekaa katikati ya kikao akasema, 'Nyanzala harudi kwao, mdogo wake marehemu yupo, ana meno yote.' Watu wakacheka. Na yeye anacheka. Nikaona hapa nikisema sitaki, nitaonekana sijui utani."

"Ungeweza kuondoka Pugu Juu," Kidawa alisema. "Kabla ya kesho."

"Niende wapi? Kila mji una ubao. Ni hapa kwako tu ambapo jina langu limenyooka."

Mafuta yalichemka. Kidawa alingoja Nyanzala amwombe. Alikuwa ameshajiandaa kuombwa, akiombwa ingekuwa rahisi, angeweza kusema aliombwa.

"Usiniangalie hivyo," Nyanzala alisema. "Sikuambii mwache mzee wa watu azimwe, na sikuambii unitoe mimi. Hilo ni lako. Mimi nina maandazi ya watu hapa."

*

Asubuhi yake, Kidawa alipofika mahabusu, walikuwa wameshamzima Mihayo. Siyo adhabu, askari alieleza, ni tahadhari tu mpaka baraza liamue. Mihayo alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mahabusu, viganja vimejaa vidonge, anavigeuza geuza.

"Nani huyo? Sema jina, ukuta wa hapa bubu."

"Kidawa, babu. Wa mzee Mwinyikambi."

"Mzaramo!" Uso ulimfunguka. "Umekuja kuniangalia nimefungwa, eh? Angalia vizuri ukawahadithie kwenye ngoma zenu, maana kulima hamlimi, mna muda. Haya njoo hapa, cha presha ni kipi na cha usingizi ni kipi? Jana nimemeza kimoja kwa kubahatisha. Sijalala wala presha haijashuka, nadhani kilikuwa kifungo cha shati."

Kidawa alimchagulia. Vidonge vyenyewe vilikuwa vyeupe vyote, vya mviringo vyote. Majina yalikuwa juu yake, hewani, kwa yeyote asiye Mihayo.

"Babu, unajua umeshtakiwa nini?"

"Nasikia nataka kumuua Sultani." Alimeza, akajipiga kifua. "Mimi nilimfundisha kujisaidia huyo mtoto. Nilimtukana kwenye tohara yake mpaka akasahau kulia. Sasa nashindwa kuelewa. Ameogopa kweli?"

"Ameogopa."

"Ameniogopa mimi?"

Hilo lilionekana kumuuma kuliko kitanda. Halafu akasema, kama anayebadilisha mada, "Unajua safari hii nilikuja Pugu Juu kwa nini? Nina mkwe wangu alipotea. Mke wa mwanangu marehemu. Na mjukuu. Nasikia alionekana huku. Natembea kwenye mbao za watu nasoma majina, nasoma majina, kama mwendawazimu. Sasa wakinizima sitasoma tena, basi."

"Ukimpata utamfanya nini, babu?"

"Nimrudishe nyumbani. Mdogo wake marehemu yupo, anangoja. Mtoto akue kwao." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua ikinyesha utalima. "Mwanamke wa ukoo hatupwi njiani kama ganda la muwa."

Kidawa alimwekea vidonge kwenye mifuko miwili ya shati, cha presha kushoto, cha usingizi kulia, akamshika mkono akamgusisha kila mfuko. Alitoka bila kusema alichokuja kusema, kwamba ni yeye aliyezizuia herufi.

*

Baraza lilikaa ghorofa ya kumi na mbili ya jengo lile lile, ukumbi mkubwa, madirisha wazi. Mwenyekiti alikuwa Bi Sikitu, mwanamke mfupi, sauti yake ndogo ila haina haraka. Ukutani nyuma yake yalikuwepo maneno ya Mihayo, mekundu vile vile, wima vile vile. Mndolwa alikuwa amekaa karibu na Kidawa. Alimnong'oneza, "Bado una muda. Gusa tu, uwarudishe."

Ilikuwa kweli. Angegusa tu.

"Sultani Pazi," Bi Sikitu alisema. "Uliposoma haya uliogopa?"

"Niliogopa, mama."

"Bado unaogopa?"

Sultani alimwangalia Mihayo, aliyekuwa amekaa kwenye kiti peke yake, macho yakitazama ukuta ambao kwake ni mweupe. Mtu ameshaweka kidole mbele ya ukoo mzima na mbele ya wanawe. Atarudi vipi nyuma? "Nimesoma nilichosoma," alisema.

"Mihayo Kasanda, una la kusema?"

"Niseme nini? Nikisema natania, mtasema nioneshe. Siwezi kuzichezesha."

Kidawa alijiona anasimama. Hajawahi kusimama mbele ya watu, hata shuleni alikuwa anajibu kwa kuandika.

"Wewe mzee," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. Akaikaza. "Wewe mzee mpagazi! Babu zako walitembea toka Tabora mpaka baharini na pembe za ndovu kichwani, wewe ngazi za ghorofa tisa zimekushinda?"

Ukumbi ulishtuka. Makelele ni marufuku, na matusi kwa mzee, mbele ya baraza! Askari mmoja alianza kuja. Lakini Mihayo alikuwa ameshageuka. Kidevu kimenyanyuka, kama mtu aliyesikia anaitwa kwao.

"Nani huyo Mzaramo anayeongea?" alisema. "Kumbe mnaongea? Nilidhani mnajua kucheza ngoma tu mpaka mvua inapita!"

"Tunacheza kwa sababu ninyi mnatubebea ngoma!"

"Nitakubeba wewe nikutupe baharini!"

"Bahari yenyewe ukiiona si utaomba uje kuilima mahindi!"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Alikuwa mwanamke, alicheka kwa pua akajiziba. Halafu mwingine. Halafu Mihayo akasimama, akamwelekea Sultani moja kwa moja, maana uso alikuwa anauona vizuri, ni maandishi tu yaliyomkimbia.

"Na wewe Sultani! Nikwambie tena kwa mdomo. Chimba shimo la pili! Tena lichimbe pana, maana hilo tumbo kaburi la kawaida halikutoshi, itabidi tukuzike nusu kwa nusu, wewe na kitambi chako!"

Sultani alijikaza. Alijikaza kweli, mashavu yakamvimba. Halafu kikamtoka kitu kati ya kilio na kicheko, akainama, mabega yanatikisika, machozi yanaingia kwenye ndevu, machozi ambayo hayakutoka tangu baba yake afe. "Mzee wewe," alikuwa anasema, "mzee wewe, wewe mzee..." Ukumbi mzima ulicheka naye. Ukutani yale maneno yalibaki wima na mekundu, na hapakuwa na mtu aliyekuwa anayaangalia.

Bi Sikitu aliwaacha mpaka wakachoka. Yeye mwenyewe alifuta jicho.

"Mtani hamshtaki mtani," alisema. "Aliyekasirikia utani ndiye anayelipa. Sultani, utamtafutia mzee kuku. Mfungulieni lenzi zake. Sasa." Aligeuka. "Fundi. Herufi hazikucheza kwa nini?"

Kicheko kikaisha.

"Nimemtenga Mchoraji na Nasaba, mama. Kwa mkono wangu. Mlinzi akamfuata, sikujua."

"Kwa sababu gani?"

"Siwezi kusema."

"Basi rudisha."

Kidawa alihisi Mndolwa anamvuta sketi akae. "Sirudishi," alisema. Ile sauti ya utani ilikuwa imeshamwisha, hii ilikuwa yake ya kila siku, ndogo. "Mnifukuze, mnizime. Atakayekuja baada yangu atarudisha. Mimi sirudishi."

Kelele zikaanza. Mtu alisema mtoto huyu ana kiburi. Mtu alisema sheria ni sheria. Mihayo alikuwa anapepesa macho, herufi zinamrudia moja moja, na akanyanyua mkono.

"Aliyeumia ni mimi," alisema. "Niruhusiwe. Mimi nasema zisirudi."

"Mzee, hizo ndizo zilizokutia ndani," Bi Sikitu alisema.

"Hapana. Watu wazima wamejaa sebule nzima, wananijua, wamekula na mimi, na hakuna aliyecheka, kwa sababu herufi haijacheza kwanza. Sasa utani ni wenu au ni wa lenzi?" Alikohoa. "Mtu akitaka kujua natania au natisha, ashuke ngazi aniangalie usoni. Nilikuwa pale pale chini."

Baraza lilinong'onezana. Mwishoni Bi Sikitu alitamka kwamba Mchoraji abaki na kisahani chake mpaka Mlinzi mpya apatikane, na kuanzia leo wekundu wa Mlinzi si ushahidi mpaka aliyeshtaki amwone aliyeandika uso kwa uso. Na fundi, kwa kuharibu bila ruhusa, atozwe faini na yule aliyeumizwa, yaani mtani wake Mihayo. Watu walipiga makofi. Faini ya mtani haikataliwi. Hiyo kila mtu anaijua, hata asiyejua kitu kingine.

Walikutana mlangoni, watu wanatoka. Mihayo alikuwa amechangamka kama bwana harusi.

"Haya Mzaramo, faini yangu. Kuku nimeshapata kwa Sultani. Wewe ni fundi, unayajua majina ya mji mzima. Nitafutie mkwe wangu na mjukuu wangu."

Alisema anacheka, mkono umenyooshwa apokee ahadi.

Kidawa angeweza kusema atajaribu. Ni neno dogo, na mzee angeenda nalo nyumbani, angengoja. Aliufungua mdomo alitamke.

"Hiyo silipi, mtani," alisema.

Mkono wa Mihayo ulibaki hewani. Kicheko kilibaki mdomoni kwanza, halafu kikaondoka kidogo kidogo. Alimwangalia usoni. Alimwangalia muda mrefu, na pale hapakuwa na maandishi yoyote ya kumsaidia.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai."

"Na mtoto?"

"Ameota magego."

Watu walikuwa wanapita pembeni yao, wanampiga mzee mabegani, wanamtania, na yeye anamtazama Kidawa tu.

"Anajificha nisimwone mimi?"

"Ndiyo, babu."

"Mimi." Alishusha mkono. "Ananiogopa? Hata nikicheka?"

"Ukicheka ndiyo zaidi."

Mihayo aliivua kofia yake, akaitazama ndani kama kuna kitu kimedondokea humo, akaivaa tena. Mtu wa mwisho alikuwa amesimama karibu nao, anasikiliza faini itakuwa nini, akawasimulie wenzake. Mzee alimwona.

"Jogoo!" alisema kwa sauti. "Faini yangu jogoo, tena mkubwa. Usiniletee kifaranga, Mzaramo wewe."

Lifti ilikuwa bado haijatengenezwa. Alianza kushuka, kiganja kikiburuza ukutani, na Kidawa akabaki juu anasikiliza hatua. Kila ghorofa zilisimama kidogo, kisha zikaendelea. Ghorofa ya nne, kunakonukia maandazi ya Nyanzala, zilisimama sana. Kidawa alishika chuma cha ngazi kwa mikono yote miwili.

Halafu akazisikia zinashuka.